Benchi, chumba, kikundi, nyumbani au simu: umfundishie wapi mgonjwa wa presha na sukari?

Kliniki yetu ya presha na sukari ni kila Jumatano. Siku ya kawaida wanakuja watu 50, na tunaowahudumia ni manesi wawili kwa saa tano. Ukigawa, kila mgonjwa ana dakika 12. Humo ndani kuna kupima presha, kuchoma kidole, kupima uzito, kuandika daftari, kujaza rejista na kumwelekeza dirisha la dawa. Elimu inaachiwa dakika tatu, na hizo nazo mara nyingi zinaliwa na mtu anayefungua mlango kuuliza kama jina lake limeitwa.

Ndiyo maana wauguzi wanaoanza kazi hii huniuliza: "Dada, elimu nitoe saa ngapi, na nitoe wapi?" Njia zilizopo ni tano: somo la asubuhi kwenye benchi, mazungumzo ya chumbani, kikundi cha wagonjwa, kumfuata mtu kwake, na simu. Nimezitumia zote. Kila moja nimewahi kuiona ikimwokoa mtu, na kila moja nimewahi kuitumia mahali isipofaa nikapoteza miezi. Kinachonisaidia kuchagua sasa ni kujiuliza kwanza mgonjwa huyu amekwama wapi.

Vigezo vya kupimia

Cha kwanza ni muda na fedha, za nesi na za mgonjwa pia. Mtu anayelipa bodaboda kuja na kurudi huwezi kumwita kila wiki kwa ajili ya mazungumzo.

Cha pili ni kinachoingia, na hiki nakipa uzito kuliko vyote. Kuna kujua, kuna kuweza na kuna kuzoea. Kujua ni kuelewa kwamba chumvi nyingi inapandisha presha. Kuweza ni kazi ya mikono: kuvuta uniti 12 za insulini bila povu la hewa, au kukagua unyayo kwa kioo. Kuzoea ni kunywa chai ya kijiko kimoja cha sukari leo, kesho, na hata siku ya arusi ya mtoto wa ndugu. Mtu anaweza kuwa na kimoja akakosa viwili. Wengi tunaowaita wabishi wanajua kila tulichowaambia, wanaweza hata kukukariria. Walichokosa ni njia ya kukifanya kila siku kwenye nyumba wanamoishi.

Cha tatu ni faragha. Cha nne ni kurudi kuangalia, yaani utajuaje kama somo limeshika, kwa sababu mgonjwa akikujibu "nimeelewa, sista" bado hujapima kitu. Mwisho ni kumtambua anayefaa njia hiyo na asiyefaa.

Somo la benchi

Muda na fedha. Hakuna rahisi kuliko hili. Dakika 15 kabla vipimo havijaanza, watu 50 wanasikia mara moja. Gharama yake ni sauti yako.

Kinachoingia. Kujua tu, na kujua kitu kimoja. Nimeshaona nesi akisimama na kutaja chumvi, sukari, mafuta, pombe, sigara, mazoezi na miguu kwa pumzi moja. Ukimuuliza mtu wa benchi la nyuma amebaki na nini, anakumbuka sigara kwa sababu yeye havuti. Mimi nachukua jambo moja kwa Jumatano moja, na nakuja na kitu cha kuonyesha. Siku ya chumvi namimina kijiko kimoja cha chai kwenye karatasi nyeupe, napita nayo mbele ya kila mtu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asipite gramu 5 kwa siku, na hicho kijiko ndicho hizo gramu 5. Kisha nawaambia kwamba hicho ni cha siku nzima, na ndani yake ihesabiwe chumvi iliyomo kwenye mkate, kwenye dagaa wa chumvi na kwenye viungo vya paketi vya mchuzi. Hapo benchi linaguna, na ukisikia mguno huo ujue limeingia.

Kuna somo moja la mikono linalofaa hapo hapo: namna ya kukaa kabla ya kupimwa presha. Watu tayari wameketi. Nawaambia waegemee, miguu chini bila kukunja nne, aliyebanwa na mkojo aende chooni kwanza, halafu tutulie dakika tano. Tulipoanza kufanya hivi, tulipunguza zile presha za kutisha za mtu aliyeshuka kwenye pikipiki akaingia moja kwa moja mezani.

Faragha. Hakuna. Usimtolee mtu mfano kwa jina wala kwa kidole, hata kwa kumsifu.

Kurudi kuangalia. Kudogo sana. Nauliza watu watatu kabla sijamaliza, si kwa mtihani bali kwa kuwaomba wanisaidie kumweleza jirani aliyechelewa. Wanaochelewa ni wengi, na mara nyingi ndio wanaotoka mbali.

Inamfaa nani. Aliyegunduliwa karibuni ambaye hata jina la ugonjwa linampa hofu, na wasindikizaji. Haimfai anayesikia kwa shida, wala mwenye swali ambalo hatalisema mbele za watu.

Ana kwa ana chumbani

Muda na fedha. Ni ghali. Ukimpa mtu mmoja dakika 25, kuna wawili wanaosubiri nje. Kwa hiyo usiigawe sawa kwa wote. Asubuhi nachambua mafaili, natoa matano ya kukaa nayo, waliobaki wanapata huduma ya kawaida. Mwanzoni niliona naonea watu. Sasa naona dakika tatu kwa kila mtu zilikuwa zinawaonea wote.

Kinachoingia. Kuweza. Insulini haifundishiki kwenye benchi. Anayeanza lazima aishike chupa mwenyewe: anavuta hewa kiasi cha dozi yake, anaisukuma ndani, anageuza chupa kichwa chini, anavuta dawa, anagonga bomba mapovu yapande. Ile yenye rangi ya maziwa anaiviringisha kati ya viganja, haitikisi. Nesi anakaza mikono yake mapajani asimsaidie. Kijana mmoja alikuwa akijichoma sehemu ile ile ya tumbo tangu aanze, kwa sababu hapo palishakufa ganzi, haumwi. Nyama ilikuwa imekuwa ngumu kama mpira, na sukari yake ilikuwa inapanda na kushuka bila mpangilio. Alishawahi kuhudhuria masomo mengi ya benchi. Hakuna aliyewahi kumwambia afunue shati.

Chumbani ndipo pia pa kufundisha sukari kushuka, kwa sababu inaua haraka kuliko kupanda. Mashine ikisoma chini ya 4 (mmol/L), au ukiona jasho la ghafla, kutetemeka, njaa kali na kuchanganyikiwa, koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, subiri dakika 15, pima tena. Mwenye nyumba naye ajue, maana mgonjwa mwenyewe wakati huo anaweza kuwa anabisha kwamba yuko sawa.

Wasio na friji wanakata tamaa wakisikia insulini inataka baridi, kwa hiyo lizungumzie kwa uwazi. Chupa ambayo haijafunguliwa inakaa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Utafiti wa Madaktari Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneva, uliochapishwa mwaka 2021, ulitumia viwango vya joto vilivyopimwa kwenye kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, kaskazini mwa Kenya. Ulionyesha kwamba insulini iliyokaa kwenye joto la kupanda na kushuka kati ya nyuzi 25 na 37 ilidumu na nguvu yake kwa wiki nne. Mimi bado naelekeza chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, kivulini, na dawa ndani ya mfuko usioingiza maji. Ila sasa nikimwambia mama asiye na friji kwamba mwanawe ataishi na insulini, namwambia kwa moyo mkunjufu.

Faragha. Hapa ndipo ilipo. Wanaume kadhaa wameacha vidonge vya presha kwa sababu waliona nguvu za kiume zinapungua. Hakuna hata mmoja aliyelisema benchini. Walilisema mlango ukiwa umefungwa, wakiwa wameshika kitasa, wanaondoka. Mtu wa namna hiyo mrudishe akae. Kuna dawa mbadala, na daktari anaweza kumbadilishia. Mara nyingine si dawa, ni sukari yenyewe iliyoharibu mishipa, na hilo nalo lina matibabu.

Kurudi kuangalia. Kuna nguvu mbili hapa. Ya kwanza ni kumwomba akurudishie: "Baba, ukifika nyumbani mama akikuuliza nesi amesemaje, utamjibu nini?" Akikosea, nesi ndiye hajaeleza vizuri, anza upya kwa maneno mengine. Ya pili ni kuuliza badala ya kuamuru. Mwanasaikolojia William R. Miller aliieleza njia hii mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la pombe, na leo inatumika mpaka kwenye kisukari. Unamwekea mambo matatu mezani, unamuuliza ni lipi anaona anaweza kuanza nalo. Analochagua unaliandika kwenye daftari lake kwa maneno yake: "Chai kijiko kimoja, kuanzia Jumatatu." Nesi wa mwezi ujao, hata asipokuwa wewe, analisoma na kuuliza hilo hilo.

Inamfaa nani. Anayeanza insulini, aliyegunduliwa wiki hii, mwenye kidonda, mjamzito mwenye sukari, na yule ambaye macho yake yanaonyesha kuna jambo hajalisema. Haimsaidii sana aliyeshajua na kuweza ambaye anashindwa kuzoea.

Kikundi cha wagonjwa

Muda na fedha. Saa moja inatosha watu 25 au 30, na kwa mgonjwa safari zinapungua ikiwa dawa anachukua hapo hapo. Madaktari Wasio na Mipaka walianza mpango wa namna hii Kibera, Nairobi, mwaka 2013. Wagonjwa 25 hadi 35 wenye hali tulivu, wa VVU, presha na kisukari wakiwa pamoja, walikutana kila miezi mitatu chini ya muuguzi. Walikaguliwa hali zao, wakazungumza kidogo kuhusu afya, wakapewa dawa. Magharibi mwa Kenya mpango wa afya uitwao AMPATH uliunganisha vikundi vya afya na vya kuweka akiba, ili mtu anayekuja kwa ajili ya fedha zake apimwe na presha pia.

Kinachoingia. Kuzoea, kuliko njia nyingine zote. Mimi naweza kumwambia mama apike dona badala ya sembe mwaka mzima. Mwenzake akimwambia "wanangu walinuna wiki mbili, ya tatu wakazoea", siku hiyo hiyo anapita mashineni. Wanaambiana yale nisiyoyajua: namna ya kukataa soda msibani bila kumwudhi mwenyeji, au namna ya kugawa wali kwenye sinia usije ukala bila kipimo kwa sababu mnakula wengi.

Faragha. Ya kati. Kibera waliwachanganya wenye magonjwa mbalimbali, hivyo ukimwona mtu amekaa pale huwezi kusema amefuata dawa gani. Kwenye kikundi cha sukari peke yake kinga hiyo haipo. Tuliweka sharti moja: ya humu yabaki humu, na anayetaka kunyamaza aachwe anyamaze.

Kurudi kuangalia. Kuzuri, kwa sababu kiti kikiwa kitupu kinaonekana. Mwenzao asipokuja, kuna anayejua kwake na atapita jioni.

Hatari yake niiseme wazi. Kikundi bila nesi kinaweza kugeuka soko. Anaingia mtu na chupa ya dawa isiyo na lebo, anasema imemponya shemeji yake, na kwa sababu ni mwenzao wanamwamini. Au mmoja anapunguziwa dozi na daktari, wengine wanne wanajipunguzia wenyewe. Muuguzi lazima awepo, hata kama atakaa nyuma na kusema kidogo.

Inamfaa nani. Mwenye hali tulivu, aliyechoka, aliyeanza kuona kliniki ni adhabu, na mjane anayekula peke yake. Asiingizwe ambaye bado hajaelewa ugonjwa wake, wala mwenye kidonda mguuni. Huyo anahitaji macho ya nesi yamwangalie yeye tu.

Kumfuata nyumbani

Muda na fedha. Nusu siku kwa watu watatu au wanne. Hakuna kituo kinachoweza kulifanya hili kwa wote kwa kutumia manesi peke yao. Msaada ni wahudumu wa afya ngazi ya jamii, ambao Tanzania ilizindua mpango wao jumuishi mwaka 2024. Kenya Septemba 2023 ilizindua wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000 na kuwapa mikoba yenye vifaa, mashine za presha na sukari zikiwemo. Nesi anakwenda pale ambapo mhudumu amekwama.

Kinachoingia. Hapa nimwelezee bibi mmoja. Miezi minne mfululizo presha yake ilikuwa juu ya 170, mara moja 178/104. Kila mwezi nilimwambia apunguze chumvi, kila mwezi alinijibu, "Chumvi sitii kabisa, mwanangu." Nilimwandika kwamba hafuati ushauri. Daktari aliongeza dawa mara mbili.

Siku niliyokwenda kwake nilipiga hodi saa nne asubuhi, nikakaribishwa mkekani uani. Kwenye kamba ya nguo, kando ya kanga, zilining'inia ng'onda tatu, samaki waliokaushwa kwa chumvi. Bibi alikuwa mkweli: chumvi hakutia. Hakuwa anapika. Anayepika ni mkaza mwana wake, kwa watu wanane, na chumvi anatia yeye, bibi anapakuliwa. Nilipoomba kuona dawa, alileta kopo la maziwa ya unga. Ndani mlikuwa na pakiti tatu ambazo kwa tarehe zilipaswa kuwa zimekwisha. Alikuwa anameza siku ambayo kichwa kinamuuma, nyingine anaweka akiba, kwa sababu mwaka mmoja dawa ziliisha kituoni na hakusahau.

Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo angeliweza kuniambia kwa dakika tatu, kwa sababu sikuuliza. Niliuliza chumvi, akanijibu chumvi. Siku hiyo nilizungumza na mkaza mwana kuliko nilivyozungumza na bibi. Tulikubaliana mboga ya mama mkwe ipakuliwe kabla ya chumvi kutiwa, ng'onda iloweshwe usiku na maji yamwagwe, na mjukuu wa darasa la tano ampe kidonge kila asubuhi kabla ya kwenda shule. Huyo mjukuu ndiye muuguzi wa nyumba ile. Mwezi uliofuata bibi alikuwa 152/90, na baada ya miezi mitatu 138/84, na daktari akaanza kumpunguzia dawa.

Nikienda nyumbani naangalia mambo manne: nani anapika, dawa zinakaa wapi, mgonjwa anavaa nini miguuni anapokwenda chooni usiku, na kuna nini cha kuota moto. Mwenye ganzi ya sukari anaweza kuunguza unyayo kwa makaa asisikie mpaka harufu ije. Na ukikaribishwa chai usiikatae. Mwambie mwenyeji akutilie kama anavyojitilia yeye. Utaionja sukari yake bila kuuliza.

Faragha. Inategemea unavyoingia. Gari la kituo likisimama mlangoni, mtaa mzima unajua kuna mgonjwa. Omba ruhusa kabla, nenda kwa miguu, na kama mgonjwa anataka uvae kanga juu ya sare, vaa.

Kurudi kuangalia. Hakuna kuzuri kuliko huku, ila ni vigumu kurudia. Acha mtu ndani ya nyumba anayejua la kufanya.

Inamfaa nani. Mzee anayepikiwa, aliyepata kiharusi, aliyekatwa mguu, na yeyote ambaye vipimo havishuki ingawa anasema anameza dawa. Kijana aliyepanga chumba na wenzake anaweza kuona umemwaibisha.

Simu

Muda na fedha. Dakika mbili na vocha. Tatizo ni kwamba vocha mara nyingi inatoka mfukoni mwa nesi. Kituo kikiamua kutumia simu, kiipangie bajeti kama kinavyopanga glavu.

Kinachoingia. Simu haifundishi mkono, lakini inashikilia kilichoanza kuzoeleka. Mfano ninaoupenda ni wa Kenya. Kwenye utafiti uliochapishwa mwaka 2010, watu 538 wa Nairobi na Kajiado walioanza dawa za VVU waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilitumiwa ujumbe kila wiki kutoka kliniki, neno moja tu: "Mambo?" Mgonjwa alijibu "Sawa" au "Shida" ndani ya saa 48, na aliyesema shida au aliyenyamaza alipigiwa. Walioshika dawa vizuri walikuwa asilimia 62 kwenye kundi hilo, na asilimia 50 kwenye kundi la huduma ya kawaida. Ujumbe haukusema "meza dawa". Ulimjulia mtu hali, na nyuma yake kulikuwa na mtu wa kupiga.

Ule ulikuwa utafiti wa VVU, na presha haina uchungu ule ule wa kumkumbusha mtu. Lakini mimi nimeuiga kwa wanaoanza insulini. Wiki ya kwanza nawatumia "Mambo?" kila jioni, na mara mbili sasa jibu la "Shida" limenifikia mtu akiwa anatetemeka.

Faragha. Simu ya mzee mara nyingi ni ya mtoto wake, na ya mke huenda inasomwa na mume. Usitaje ugonjwa. Makundi ya WhatsApp ya wagonjwa nayaogopa kidogo: usiku mmoja unaweza kuleta ujumbe 20 wa dawa ya kumaliza kisukari kwa siku saba, na asubuhi yake kuna aliyeacha vidonge vyake vya sukari, metformin. Kundi liwe la nesi peke yake kuandika, au lisiwepo.

Kurudi kuangalia. Ndiyo kazi yake kubwa, mradi kuna anayejibu. Ukiomba watu wakuandikie halafu usijibu, umewafundisha wasikuandikie.

Inamfaa nani. Dereva wa masafa, mwanafunzi wa bweni, kijana, na mtu wa mbali mwenye hali tulivu. Haimfai asiyesoma, anayebadilisha laini kila mwezi, wala mwenye kidonda. Kidonda kionekane na kinuswe.

Uchague ipi, kulingana na hali

Mgonjwa amegunduliwa leo na ameduwaa: chumbani, mambo mawili tu, namna ya kumeza dawa na dalili za kurudi haraka. Mengine atayapata benchini wiki zijazo, hofu ikishuka.

Anajibu maswali yote vizuri na vipimo haviendi popote: usimfundishe tena. Mfuate nyumbani, au mtume mhudumu wa jamii aangalie jikoni na kwenye kopo la dawa.

Amekuwa vizuri mwaka mzima na ameanza kukosa tarehe: kikundi, na tarehe za mbali zaidi.

Ana ganzi ya miguu: chumbani kwanza, viatu na soksi vivuliwe mbele yako, umwonyeshe kukausha katikati ya vidole na kukagua unyayo kila usiku, kisha nyumbani mara moja. Akiwa na kidonda, hata kama hakimuumi, ni daktari siku hiyo hiyo.

Anataka kufunga Ramadhani: usingoje mwezi uandame. Sisi wa Pwani tunaanza kuwaita mwezi wa Shaabani, mmoja mmoja, hasa wanaotumia insulini au vidonge vya sukari vya glibenklamaidi, wakae na daktari wapange dozi ya futari na ya daku, na kama kufunga kwenyewe kunawafaa. Tunakubaliana mapema kwamba sukari ikishuka chini ya 4 anafungua, hata kama imebaki nusu saa adhana ya magharibi. Mwombe shehe wa mtaa awepo siku hiyo. Neno lake linamtua mtu mzigo ambao mimi siwezi kumtua. Halafu simu, kila siku kumi.

Uko peke yako zamu, watu 60 nje: somo la benchi la jambo moja, kisha mafaili matano chumbani. Waliopata kipimo kibaya zaidi mwezi uliopita wawe wa kwanza, na aliyeanza insulini asitoke kabla hajajichoma mbele yako.

Na wewe si nesi, unamsindikiza mzazi: omba kuingia naye chumbani, ukimwuliza yeye kwanza kama anapenda. Njoo na kila anachomeza kwenye mfuko mmoja, vidonge vya kliniki, vya duka la dawa na ile chupa aliyopewa na jirani. Nasi tutavimwaga mezani tuvihesabu pamoja.